Ulizeni Kwanza Kwa Nini Njia Haina Watu

Wanangu, nasikia mnavyoisifu njia ya Rongai. Mnasema Machame kuna foleni, Marangu kuna foleni, lakini ukipandia Rongai unatembea nusu siku husikii ila ndege na miguu yako mwenyewe. Mnasema kweli. Mimi ni mtu wa Rombo, nimebeba mizigo upande ule tangu ujana mpaka magoti yalipogoma, na njia ile ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Siwakatazi kuipenda. Ninalotaka kuwaambia ni hili: kabla hamjafurahia utulivu wa njia yoyote ya Kilimanjaro, ulizeni kwanza watu wamekwenda wapi. Iko sababu, na sababu yenyewe haifanani kutoka njia moja hadi nyingine.

Nawaandikia ninyi vijana wa hapa nyumbani kuliko wageni. Mgeni husoma mwaka mzima kabla ya kuja, huuliza daktari wake, hununua koti. Kijana wetu anaamua mwezi Novemba kwamba tarehe 9 Desemba atakuwa kileleni Uhuru, kwa sababu usiku ule wa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale juu, naye anataka kuiona nchi kutoka alikosimama Nyirenda. Nia ni njema kabisa, na mimi nafurahi nikiwaona. Lakini nia njema haiongezi hewa. Pale mita 5,895 kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga ufukweni, na mlima hauulizi umekuja kwa heshima ya nani.

Rongai ina watu wachache kwa sababu iko mbali. Basi. Kutoka Moshi unakwenda Himo, unapanda Marangu Mtoni, unapita Mwika, unapita Mkuu, unashuka na barabara ya Rombo hadi Tarakea, ambako ng'ambo ya mpaka ni Loitokitok ya Wakenya, ndipo unalifikia lango la Nalemuru. Mafuta ya gari, muda wa dereva, posho za wapagazi wanaosafirishwa huko: kampuni nyingi zinaona heri ziwapeleke watu Machame. Huo ni utulivu usio na kosa. Tena upande huo uko kwenye kivuli cha mvua, mawingu mengi ya kusini yanakuwa yamekwisha kujimwaga upande wa Moshi na Kibosho, kwa hiyo njia ni kavu kuliko zote wanazopandia watu. Ukianza unapita mashamba ya mahindi na viazi, halafu misonobari iliyopandwa, halafu kipande chembamba cha msitu wa asili wenye mbega, na ukiwa na bahati utakuta kinyesi kibichi cha tembo kimetapakaa njiani. Nasema bahati, lakini ukikiona nyamaza na mfuate mwongozaji wako, kwa sababu nyati pia wamo.

Umbwe nayo ina watu wachache, na sababu yake ni nyingine kabisa. Umbwe inapanda wima. Lango liko mita 1,600 hivi, na usiku wa pili tu unalala Barranco, karibu mita 3,950. Hesabu mwenyewe. Mtu anakuambia, "Twende Umbwe, kule hakuna watu, tutatembea kwa raha." Hakuna watu kwa sababu miili ya watu imekataa.

Halafu kuna Western Breach, mlango wa magharibi kuingilia kreta. Kule mawe yameshikwa na barafu, na barafu ikilegea mawe yanaachia. Januari 2006 yaliachia, yakawaua Wamarekani watatu waliokuwa wakipanda. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa, lakini hata leo ni wachache wanaoipita. Kijana akiniambia anaitaka kwa sababu ni tulivu, namjibu kwamba mawe yale hayajahama.

Sasa turudi Rongai, maana ndiyo mnayoipenda na ndiyo ninayoijua. Ubaya wake umejificha ndani ya uzuri wake. Inapanda taratibu. Siku ya kwanza kutoka lango, lililo mita 2,000 hivi, hadi kambi ya Simba kwenye mita 2,600, ni matembezi ya mchana. Mtu anafika anacheka, anataka kucheza mpira na wapishi. Siku ya pili vivyo hivyo. Miguu hailalamiki, magoti hayalalamiki, na kijana anahitimisha kwamba mwili wake umekubali. Miguu haijui habari za hewa. Wanaojua ni ubongo na mapafu, na hao huchelewa kusema. Nimewaona wanajeshi, wachezaji wa mpira, vijana wa mazoezi wenye vifua vipana, wakilala chini mbele ya mama wa makamo aliyekuwa akitembea nyuma yao tangu geti. Hakuna anayeweza kutazama umbo lako akajua mlima utakufanyaje. Na ninyi wa Rombo, wa Marangu, wa Machame msijidanganye: vihamba vyetu viko kwenye mita 1,000 hadi 1,800. Kuzaliwa chini ya mlima hakumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko.

Kwa hiyo siku ndizo zinazopanda mlima. Anayeuza safari ya Rongai ya siku 6 anafanya hivi: usiku wa kwanza Simba, siku ya pili mnapita Pango la Pili mchana bila kulala, mnakwenda kulala Kikelelwa kwenye mita 3,600. Mita 1,000 kwa siku moja. Wakati ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja zaidi pale pale. Kutoka Kikelelwa mnapanda hadi kwenye kiziwa cha Mawenzi, mita 4,300, halafu kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushei, halafu usiku ule ule mnaamshwa kwenda kileleni. Anayewapa siku 7 atawalaza Pango la Pili, au atawaongezea usiku mmoja pale Mawenzi, mchana mnapanda kidogo kwenye miamba na kushuka kulala. Usiku huo mmoja una thamani kuliko koti lolote mtakalonunua. Kuna na hawa wa siku 5, wanaokata moja kwa moja kutoka Pango la Pili kwenda Pango la Tatu na kuingia Kibo bila kugusa Mawenzi. Ni rahisi kwa pesa. Kijana akija kwangu na karatasi ya siku 5 namwambia akae nyumbani, asubiri mwaka mwingine akusanye fedha za siku 7.

Na pale Mawenzi kwenyewe mkae mtazame. Kuta za miamba zinasimama juu ya hema zenu, nyeusi na zilizochanika, mita 5,149 kileleni, na maji ya kile kiziwa yametulia chini yake. Ndiyo maji ya mwisho. Kibo hakuna mto wala kisima. Kila kikombe cha chai mtakachokunywa kule kimebebwa begani na mpagazi akivuka ule uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, upepo ukimpiga ubavuni kwa saa nne au tano. Katika uwanda huo mtaona mabaki ya ndege ndogo iliyoanguka mwaka 2008 ikiwa na watalii wa Kiitaliano. Msipande juu yake kupiga picha. Watu walikufa pale. Na mkifika Kibo msiombe maji ya kunawa miguu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mlimani kila mtu ana sababu ya kuficha. Mpandaji anaficha kwa sababu amelipa, na amewaahidi watu kazini kwake picha. Mpagazi anaficha kwa sababu akishushwa siku ya tatu anaogopa atalipwa siku tatu tu na bahshishi aikose. Mwongozaji naye, astaghfirullah, mwingine anajifanya haoni kwa sababu kampuni yake inajisifia idadi ya waliofika. Kwenye njia yenye watu wengi, siri hii ina kikomo. Utapitwa na vikundi vingine, mwongozaji wa watu wengine atakutazama usoni, atasema, "Huyu bwana mbona hivi?" Rongai hakuna huyo wa kukutazama. Mnaweza kukaa siku nzima kundi lenu peke yenu. Huo utulivu mnaousifu maana yake ni kwamba macho ya kukuona unaumwa ni ya wenzako tu. Wasipotazama wao, hakuna atakayetazama.

Basi tazamaneni. Jioni kwenye hema la chakula, tazama sahani ya mwenzako. Mtu aliyekuwa anakula ugali bakuli mbili kule Simba, leo anasukuma wali kwa kijiko kutoka upande huu kwenda upande ule, supu imepoa mbele yake na ina utando juu. Muulize. Atakwambia, "Niko poa." Usikubali jibu hilo. Muulize kichwa kinauma wapi, tangu saa ngapi, amekojoa mara ngapi, amelala? Kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kutopita, usingizi kukatika: hizo ni dalili za mwanzo, na mwenye nazo hapandi mita moja zaidi mpaka zimwache. Akipumzika zisimwache, anashuka. Dawa ya maumivu hunyamazisha kichwa tu, haimwongezei hewa. Ile asetazolamidi ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox inausaidia mwili kuzoea, na ni ya kuzungumza na daktari kabla hujaondoka nyumbani, usiipokee kutoka mfukoni kwa mwenzako usiku wa kilele.

Ziko dalili mbili ambazo hazina mjadala. Ya kwanza: mtu anayumba kama mlevi. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole, hatua kumi. Akishindwa, au ukimwona anahangaika na zipu ya koti asijue anaifunga au anaifungua, au anakujibu maneno yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Ya pili: anahema akiwa amekaa kitako, anakohoa, mate yana povu, labda na wekundu, midomo imebadilika rangi. Mapafu yake yanajaa maji. Huyo hasubiri asubuhi. Hasubiri chai, hasubiri mwenzake arudi kutoka kileleni. Anashuka sasa, gizani, kwa miguu akiweza, kwa mgongo wa watu asipoweza, na oksijeni ya chupa ikiwapo inamnunulia muda tu wa kushuka. Kile kipimo cha oksijeni kinachobana kidole ni kizuri, waongozaji wakitumie kila jioni, lakini nimeona watu wakibishana na namba huku mgonjwa akiyumba mbele yao. Mtazame mtu kwanza.

Njia ya kushushia mgonjwa iko upande wa Marangu: kutoka Kibo kwenda Horombo, mita 3,720, ndiko zinakopita zile machela za gurudumu moja. Kutoka Mawenzi pia kuna njia ya kukata kwenda Horombo. Mwongozaji wa Rongai asiyeijua njia hiyo usiku hajawa mwongozaji. Muulizeni kabla ya kuondoka, tena bila haya.

Najua kinachowauma. Kugeuka kunaonekana kama aibu. Basi tazameni hadithi ya kwanza ya mlima huu. Hans Meyer, yule Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alikamatwa pwani kwenye vita vya Abushiri, hata mlimani hakufika. Mwaka 1889 alirudi na Mwaustria Ludwig Purtscheller, pamoja na wapagazi na watu wa huku. Mmoja wao, Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kambi ya juu katika baridi ambayo mtu wa pwani hajazaliwa nayo. Walipandia upande huu huu wa mashariki ambako leo Rongai na Marangu zinakutana. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, saa na saa wakikata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Wakakiona kilele. Wakaona jua linakwenda na nguvu zimekwisha, wakageuka. Wakashuka, wakapumzika, wakasogeza malazi yao juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Watu wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika ni watu waliogeuka siku tatu kabla, kilele kikiwa machoni pao. Barafu ile waliyoikata hamtaikuta. Kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka, na upande ule leo ni changarawe. Wakati wa kugeuka bado ni ule ule.

Na huo usiku wenyewe ni hivi. Mnaamshwa saa tano, chai ya tangawizi na biskuti, saa sita mko nje. Changarawe ikiwa imeganda kwa baridi mguu haurudi nyuma sana, ndiyo maana tunatembea usiku. Pandeni kimya kimya, hatua fupi, msifuate taa za walio juu. Kutoka Kibo hadi Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, ni karibu mita 1,000 za kupanda, na kutoka hapo hadi Uhuru bado kuna saa moja na nusu au mbili ukingoni. Kufika Gilman's ni kuupanda mlima kamili. Hifadhi inatoa cheti kwa anayeishia hapo, na hakuna aliyekinunua. Kumbukeni pia kwamba siku ile ile mtashuka hadi Kibo, kisha hadi Horombo. Anayetumia nguvu zote kufika juu anashuka kwa miguu isiyo yake, na wengi huumia kwenye kushuka.

Mtandao upo siku hizi. Tangu Agosti 2022 TTCL wameufikisha Horombo, na baadaye wakaupeleka juu zaidi. Naona vijana wakipiga video kila hatua mia. Sina neno na video. Lakini kutoa mkono kwenye glovu kila mara kwenye upepo wa saa kumi alfajiri ni kuupoteza mkono, na kuongea ukipanda ni kutupa pumzi unayoihitaji. Simu haimshushi mgonjwa. Wanaomshusha ni wale wapagazi ambao kwenye video hawaonekani.

Kwenu wagumu, wanangu mnaobeba. Sheria ni kilo 20 na mzani uko getini. Mnajua kama ninavyojua mimi kwamba msituni, mbele ya mzani, mzigo wa mwingine huongezwa juu ya wako, na ukikataa unaambiwa vijana wenye njaa wako wengi Tarakea. Kataeni pamoja, sio mmoja mmoja. Msipande na raba zilizotoboka kwa sababu njia ni kavu. Kibo usiku ni baridi ile ile ya Machame. Na mpagazi anayeumwa kichwa ana haki ya kuulizwa maswali yale yale anayoulizwa mgeni. Waongozaji, mkimaliza kuwapima wageni jioni, nendeni pia kwenye hema la wapagazi na jikoni. Nimezika jirani aliyekuwa "poa" hadi asubuhi.

Ninawaomba jambo moja mlifanye kabla hamjalipa. Mwambieni mwenye kampuni awaandikie kwenye karatasi kila usiku mtalala wapi na mahali hapo ni mita ngapi. Kaeni chini mtoe hesabu, usiku mmoja na unaofuata. Mkiona kati ya mita 3,000 na Kibo ameruka hatua kubwa bila usiku wa kupumzika, mrudishieni karatasi, mwombeni siku ya saba. Akisema haina haja, tafuteni mwingine.